Barua ya habari zako: namna ya kuiandika ikasomwa hadi mwisho

Sisi tunaoishi mbali na kwetu tukiulizwa habari tuna jibu moja: "Nzuri, nipo." Ukimpigia mama, salio linaishia kwenye salamu, mvua na "wasalimie hapo." Mwaka unaisha, na mtu aliyekuzaa hajui unakula nini jioni.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Kwetu ni Muleba, mkoani Kagera, na kazi nafanyia Dodoma. Kila baada ya miezi kadhaa huwaandikia ndugu zangu barua ndefu kwenye simu: nimefikia wapi, ninakula nini siku hizi, ninasikiliza nini, ninasoma nini. Wenzangu saiti wakiniona nimeinamia simu namna hiyo hudhani namdai mtu. Baadhi yao wameniomba niwaelekeze wanavyoweza kuandika ya kwao, kwa hiyo naeleza hapa. Mifano nitaichota kwenye barua niliyoituma karibuni, Septemba hii, upepo wa Dodoma ukiwa bado unapeperusha mifuko ya saruji hadi barabarani.

Andika kwa mtu mmoja

Hata kama barua itasomwa na ukoo mzima, chagua mtu mmoja umwandikie yeye. Mimi namwandikia dada yangu mkubwa. Ukianza na "ndugu zangu wapendwa" unajikuta unaongea kama mgeni rasmi kwenye mahafali: unashukuru, unatoa nasaha, unawatakia heri na fanaka. Ukimwandikia dada unakumbuka kwamba hali pilipili, kwamba alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, kwamba lazima ataulizia kile kikohozi cha vumbi la ukutani. Basi hapo unajua cha kuweka na cha kuacha. Wengine watasoma vilevile, tena watafurahia zaidi, maana kila mtu anapenda kuchungulia barua isiyo yake.

Weka akiba kabla ya siku ya kuandika

Siku ya kuandika ikifika kichwa huwa kitupu. Dawa yake ni kuandika kidogo kidogo. Mimi nina daftari la vipimo ninalotembea nalo saiti, la kuandikia urefu wa waya na idadi ya boksi za swichi, na kurasa zake za nyuma ndizo ghala langu. Ukifungua sasa utakuta mambo kama haya: "Ihumwa, mama lishe, mlenda wa karanga, aliweka magadi mwanzoni." "Mpaka rangi ana wimbo wa marimba, muulize." "Mzee wa nyumba ya Nala ana kitabu cha Mnyampala, kimechanika jalada." Basi. Maneno matatu manne yanatosha kukurudisha ulipokuwa.

Usitegemee picha peke yake. Picha ya sahani haikukumbushi aliyekupikia alisema nini wakati anapakua.

Anza na wanachokihofia

Barua ikitoka mbali, mtu wa nyumbani haanzi kusoma. Anaipitisha macho haraka kutafuta msiba au ugonjwa. Kwa hiyo mistari miwili ya kwanza iwe ya kumtuliza, au kumwambia ukweli kama kuna tatizo. Ya kwangu inasema: "Dada, shikamoo. Hapa hakuna mgonjwa. Kikohozi kimeisha tangu nilipoanza kufunga kitambaa na kulowesha ukuta kabla ya kuukata." Akishasoma hapo anatulia, anavuta kiti, anasoma mengine kwa nafasi.

Kama kuna jambo zito, lisikae mwishoni baada ya habari za chakula. Mtu atakayekutana nalo chini kabisa, akiwa ameshacheka, atahisi umemtega.

Baada ya hapo ndipo unaeleza maisha yamesogeaje. Na hapa wengi huandika mambo ya gazetini. Nimeona barua ya kijana mmoja, fundi mwenzangu, amemweleza baba yake kwamba Dodoma sasa ni makao makuu, kwamba serikali imejenga mji Mtumba, na kwamba treni ya umeme inafika kutoka Dar es Salaam tangu 2024. Baba yake ana redio. Hayo anayajua kuliko mwanawe. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa 1973, mzee alikuwepo. Aliposikia 2016 kwamba safari hii serikali inahama kweli, alikuwepo pia. Asichokijua ni hayo yote yamemfikiaje mwanawe. Kwangu mimi yamefika hivi: watumishi waliohamia wananunua viwanja Nala, Ihumwa, Iyumbu, Mkonze, wanajenga kwa mkupuo wa mshahara na mkopo, na nyumba nyingi husimama kwenye lenta mwaka mzima. Fundi umeme huitwa mara mbili. Kwanza kupitisha paipu ukutani kabla ya plasta, kisha kuja kuvuta waya na kufunga taa pesa ikipatikana. Katikati hapo unaweza kukaa miezi bila kumwona mwenye nyumba. Ndiyo maana barua yangu ina orodha ya nyumba zilizolala na zilizoamka, na dada ameshazizoea. Huniuliza, "Yule wa Iyumbu amepaua?" Amepaua, bati la kijani.

Watoto waandike kwa tendo moja moja. "Anaendelea vizuri shuleni" haisemi kitu. Binti yangu siku hizi anakataa kuchorewa mstari wa nywele na mama yake, anataka anyolewe kipara kama wenzake wa kidato cha kwanza. Shangazi yake ataijadili habari hiyo wiki nzima.

Chakula kipe nafasi kubwa

Hapa ndipo barua inapopata nguvu, na hapa usiwe bahili. Ila kusema "napenda mlenda" hakutoshi. Mweleze mtu chakula kiasi kwamba akitaka anakipika jioni hiyo hiyo, au angalau anakihisi mdomoni. Mhaya aliyekulia kwenye ndizi, ambaye kwake mlo usio na ndizi ni kitafunwa, hawezi kuelewa kwa nini mdogo wake anasifia majani yanayovutika. Lazima umshike mkono.

Mimi nilianza na sababu. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, huanza karibu na Desemba na kukatika Aprili. Miezi inayobaki ni jua na vumbi. Mboga za majani za porini zinajaa wakati wa mvua, watu huzichuma, huzianika, huzitwanga zikawa unga wa kijani kibichi uliokolea, kisha zinaliwa mwaka mzima. Kwa hiyo mlenda mkavu ninaokula Septemba uliota Januari au Februari. Na nafaka ya hapa ni uwele na mtama, kwa sababu mahindi yakikosa mvua wiki mbili tatu yanajikunja yakafa, uwele unavumilia. Dada, ambaye kwake mvua hainyeshi tu bali inazoeleka, alinijibu kwamba hapo ndipo alipoelewa kumbe ugali wa rangi ya kijivu haukuwa umaskini wangu.

Halafu nikampa mapishi, kama nilivyoyaona kwa mama lishe wa Ihumwa ninakokula mchana. Maji vikombe viwili jikoni, na nyanya mbili zilizokatwa ndogo ndogo, na chumvi. Yakichemka, magadi kidogo sana, yale ya kuokota na ncha ya kijiko, kwa sababu yakizidi unakula sabuni. Kisha unanyunyiza unga wa mlenda, kijiko kikubwa kimoja kilichojaa, huku mkono mwingine unapekecha kwa kijiti bila kupumzika. Ukiumwaga wote kwa mpigo unapata madonge. Ukiinua kijiti uzi ukafuata, umefika. Hapo zinaingia karanga zilizokaangwa na kutwangwa, viganja viwili, na moto unashushwa. Usifunike sufuria, utaumuka uzime mkaa. Nyanya wengine hawaweki, na mimi nimekuja kuona wao ndio wenye haki: bila nyanya karanga inasikika zaidi.

Na namna ya kula. Hili niliandika kwa kirefu kwa makusudi, kwa sababu ndilo linalomtambulisha mgeni. Kata tonge dogo la ugali wa uwele, libonyeze katikati kwa dole gumba upate kibakuli, chota, kisha zungusha kiganja kabla hujainua mkono ili uzi ukatike ukiwa bado juu ya bakuli. Mgeni huinua moja kwa moja, na mlenda unamfuata mpaka kwenye kola. Siku za mwanzo mama lishe alikuwa ananitazama tu. Nikimwamkia "Mbukwa, mama" anaitika "Mbukwa," halafu anaongeza, "Fundi, unafukuzwa? Huu hauliwi mbio."

Huo ni mfano mmoja wa chakula kilichoelezwa mpaka mwisho. Barua moja inatosha kimoja cha namna hiyo. Vingine vipitie haraka. Mimi vya safari hii ni hivi: zabibu, ubuyu na nyama ya mnadani.

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Kwa hiyo wakati huu ziko kila kona, kwenye ndoo na mabeseni, hasa barabara za kutokea Hombolo na Makutupora. Ukiwa unamweleza mtu wa mbali tunda, mpe namna ya kulichagua, kwa sababu hapo ndipo anajua kwamba unalijua. Tazama kikonyo cha kichala: kikiwa kibichi, zimekatwa leo au jana; kikiwa cha kahawia na kinavunjika, zimelala. Tikisa kichala, punje zikidondoka achana nacho. Ule unga mweupe juu ya ganda wengi hudhani ni dawa ya kuua wadudu, lakini zabibu yenyewe huutoa, na punje ambayo bado inao haijashikwashikwa sana. Kuosha unaosha vilevile. Zile nyeusi ndogo zina ganda gumu na ukali kidogo, nyingi huenda kwenye mvinyo. Mimi ndizo ninazozipenda, zikiwa zimelala kwenye maji ya mtungi.

Ubuyu nautaja kwa sentensi moja tu: punje nyeupe, zisizopakwa rangi, zinazolowekwa usiku na kukamuliwa asubuhi kwa sukari kidogo, ndizo kinywaji changu cha saiti badala ya soda. Nyama nayo, Jumamosi nikiwa sina kazi naenda mnada wa Msalato. Unachagua kipande cha mbuzi kikiwa bado kinaning'inia, kinapimwa, unasubiri jivu litulie. Anayeandika kwamba alikula nyama choma tamu sana hajaandika kitu. Andika ulichagua kipande kipi. Mimi ni mtu wa mbavu. Paja ni la watu wanaotaka kuonekana.

Unachosikiliza: mpe dada sikio lako

Muziki ni mgumu kuandika, na wengi hukwepa kwa kutuma kiungo tu. Kiungo bila maelezo hakifunguliwi, hasa na mtu anayehesabu bando. Andika mambo mawili: umeusikia wapi mara ya kwanza, na asikilize nini ndani yake.

Mimi safari hii nimezama kwenye muziki wa Kigogo, na aliyenizamisha ni mpaka rangi, mwenzetu wa saiti anayepaka kuta. Yeye hafanyi kazi bila spika yake ndogo, ameining'iniza kwenye ngazi, imejaa madoa ya rangi nyeupe. Siku hiyo, badala ya bongo fleva, zikalia marimba za vidole. Nikamwuliza ni nani, akanijibu kana kwamba nimemwuliza jina la mlima Kilimanjaro: "Huyu si Zawose!"

Hukwe Zawose alizaliwa Doduma, kijiji cha mkoa huu huu. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam miaka ya 1960, baadaye akawa Bagamoyo kwenye Chuo cha Sanaa, akapiga duniani kote mpaka kurekodi Uingereza kwenye studio za Peter Gabriel. Alifariki 2003. Hayo yote niliyaweka kwenye mistari miwili, maana dada anaweza kuyapata popote. Nilichokiandika kwa kirefu ni mvumo. Ukisikiliza ilimba, ndiyo hiyo marimba ya vidole, kwa makini utasikia sauti mbili kwa kila ulimi wa chuma unaoguswa: ya kwanza safi, ya pili inavuma nyuma yake kama nyuki aliyefungiwa. Mimi kama fundi umeme nilijua spika imekufa. Nikaikagua waya. Mpaka rangi akacheka mpaka akashuka ngazini. Ule mvumo hutengenezwa: sanduku la ilimba lina matundu madogo, na juu ya tundu hubandikwa utando wa buibui, ule mweupe mgumu anaofunikia mayai yake. Hewa ikitetemeka ndani, utando unatetemeka nao. Bila utando ilimba inalia, ila Mgogo atakwambia haijaamka.

Kwa hiyo nilimwambia dada: sikiliza usiku, simu iwe juu ya meza ya mbao, usiweke masikioni, na ufuate ule mvumo wa nyuma, uache wimbo wenyewe. Ukishaushika huo, sikiliza sauti ya mzee inavyopanda mpaka unadhani ni mwanamke, kisha inavyoshuka ghafla. Na kama anataka wanawake wenyewe, binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wanaimba pamoja kwa jina la The Zawose Queens, na 2024 walitoa albamu. Zamani kazi ya wanawake kwenye muziki huu ilikuwa kuimba na kupiga ngoma za muheme, zile wanazozibana katikati ya magoti. Ilimba ilikuwa ya wanaume. Hawa wanapiga vyote. Dada alipenda hapo kuliko pote.

Vingine ninavyosikiliza havistahili aya nzima. Kikao cha Bunge la bajeti, kati ya Aprili na Juni, nilikisikiliza kwenye redio huku nikivuta waya, na ninakipendekeza kwa kazi yoyote inayotaka mikono na haitaki kichwa. Saida Karoli namsikiliza nikiwa nimekumbuka nyumbani, na hilo halihitaji maelezo kwa mtu wa Kagera.

Unachosoma: waambie umefikia wapi na nini kimekunasa

Watu huona aibu kuandika wanachosoma wakidhani lazima kiwe kikubwa. Andika unachosoma kweli. Barua yangu ya Juni ilikuwa na aya nzima juu ya kijitabu cha maelekezo ya inveta ya sola, kwa sababu ndicho nilichokuwa nacho mkononi usiku, na kaka yangu wa Geita, ambaye hajawahi kujibu barua hata moja, alijibu hiyo. Kumbe alikuwa anataka kufunga sola.

Vitabu ulivyoviacha njiani navyo ni habari. Mteja mmoja alinipa kitabu cha kutajirika haraka, nikakirudisha nikiwa bado fukara. Mwandishi alitumia sura tatu kunisalimia. Mstari mmoja unatosha kwa kitabu cha namna hiyo, ila uuandike, kwa sababu unakufanya uaminike ukisifia kingine.

Ninachosifia ni kitabu cha Mathias Mnyampala, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilichotoka 1954. Nilikiona nyumbani kwa mzee mmoja wa Nala niliyekuwa nabadilisha waya zake, amekiweka juu ya friji. Hakuazimisha. Alikubali nikisome pale pale barazani baada ya kazi, na nikawa namaliza kazi mapema bila sababu.

Ukiandika juu ya kitabu usisimulie chote. Hakuna anayetaka muhtasari wa kitabu asichonacho. Toa kitu kimoja kilichokushika, ukifuate mpaka kifike kwa unayemwandikia. Mimi kilichonishika ni mwandishi mwenyewe. Mnyampala alizaliwa Ihumwa mwaka 1917, pale pale ninapokula mlenda mchana. Nikamwuliza mzee, mwaka ule Ugogo kulikuwaje? Akafunga kitabu akasema neno moja: Mtunya. Ni njaa kubwa iliyoletwa na Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalipita hapa yakachukua ng'ombe na nafaka, yakachukua na wanaume kubeba mizigo. Mvua zilipokataa, hakukuwa na akiba wala mtu wa kulima. Watu wengi sana walikufa. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo akakua, akawa mwalimu, akawa hakimu, akaandika historia ya watu wake kwa Kiswahili na kutunga mashairi mpaka alipofariki 1969.

Na hapa ndipo nilipompata dada. Kwa sababu Mnyampala ndiye aliyezikuza ngonjera, yale mashairi ya watu wawili kujibizana, mmoja hajui na mwingine anamwelimisha mpaka wakubaliane. Alikuwa kiongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 ngonjera zikaenea shuleni nchi nzima. Dada yangu amefundisha watoto ngonjera miaka yote ya kazi yake. Ukienda Muleba leo kuna watu wazima, wana ndevu, wanaweza kukusomea ubeti waliokaririshwa naye wakiwa na kaptula. Nilipomwandikia kwamba aliyezikuza ngonjera hizo anatoka kijiji ninachofungia taa, hakungoja kuandika. Alipiga simu. Aliniuliza kama kaburi lake lipo, kama shule ya pale watoto bado wanajibizana, na kwa nini sijamtafutia nakala ya kitabu. Nimeanza kuulizia kwenye maktaba ya mkoa.

Hiyo ndiyo kazi ya kumchagua mtu mmoja mapema. Ningekuwa nawaandikia wote, ningeandika "kitabu kizuri sana cha historia", na simu isingelia.

Vitu vya kuacha

Pesa. Kama unaomba au unadaiwa, tuma ujumbe wake peke yake, siku nyingine. Barua ya habari ikibeba ombi hata dogo, zote zitakazofuata zitafunguliwa kwa tahadhari.

Nasaha. Ukijikuta umeandika "ndugu zangu, maisha ni", futa mpaka nukta iliyotangulia.

Malalamiko ya kazini yaingie kidogo na bila majina. Mimi kuna kazi sijalipwa hadi leo. Niliandika kwamba sijalipwa, nikaandika nimefanya nini wakati nasubiri, nikaendelea. Kumtaja mtu kwenye kundi la ukoo ni kumtaja sokoni.

Kuituma

Usitume barua nzima kama ujumbe mmoja usio na mapumziko. Kwenye simu ndogo unaonekana ukuta. Ikate kila unapobadilisha habari, tuma vipande vikifuatana, ukianza na kile cha kutuliza roho. Tuma jioni, watu wakiwa wametoka shamba, isiwe asubuhi wakati kila mtu anakimbizana.

Mama yangu macho hayamruhusu, kwa hiyo yake naisoma kwa sauti kwa Kihaya, ninarekodi. Kama utafanya hivyo, kaa ndani ya chumba chenye pazia na nguo, usikae nyumba mpya isiyo na kitu, maana mwangwi wake utamfanya mama adhani uko kisimani. Soma taratibu kuliko unavyodhani inafaa. Usisome kila kitu; mama hahitaji utando wa buibui, anahitaji mlenda, mjukuu na kikohozi. Na mwite, "Mama, unasikia?" hapa na pale. Anakuwa anaitika peke yake jikoni, dada ananisimulia.

Mwisho wa barua uliza vitu vinavyojibika. "Habari za huko?" itakuletea "nzuri" na tutakuwa tumerudi tulikoanza. Mimi huuliza kama ule mgomba wa nyuma ya choo umezaa, nani amechukua shamba la marehemu babu mdogo msimu huu, na kahawa imeuzwa kwa bei gani. Maswali matatu yanatosha. Yakizidi wanajibu la kwanza tu.

Kama unaweza, barua iende na kifurushi. Mabasi ya Bukoba yanayopita Dodoma hushika Singida, Nzega, Kahama hadi Biharamulo, na safari ni ndefu, kwa hiyo zabibu zisahau, zitafika zimekuwa mchuzi. Tuma vikavu: unga wa mlenda kwenye chupa yenye mfuniko wa kukaza, karanga mbichi, ubuyu. Andika jina na namba ya simu ya mpokeaji kwa kalamu isiyofutika, pande mbili za mfuko, na ndani yake pia weka karatasi yenye jina hilo hilo. Mpigie mpokeaji ukiwa bado umesimama na kondakta, waongee wenyewe.

Na usione haya kudai cha kurudi. Ya safari hii nimemaliza hivi: dada, senene wakianguka Novemba, wakaange kabisa huko huko, chumvi kidogo tu, uwaache wapoe ndipo uwatie kwenye kopo, maana wakifungwa na joto wanalainika. Kopo libandikwe gundi ya karatasi kuzunguka mfuniko, apewe kondakta wa basi la alfajiri, na namba ya basi nitumiwe kabla halijavuka Biharamulo, kwa sababu mara ya mwisho kopo lilifika Dodoma likiwa nusu na kondakta amenenepa.